Mbegu ya Ulezi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Msamala tu wazima, na mama yako amemaliza kupukuchua mahindi.

Unaniuliza ufanye nini, maana kamusi elezo ya mtandaoni inasema wakati wa vita vya Maji Maji wanawake wa kijijini kwetu walikimbia tu, na ulichosahihisha wahariri wake wamekifuta.

Nilipokuwa msichana, mtafiti mmoja alikuja kumhoji bibi yangu, nami nikawa namtafsiria Kingoni. Bibi aliongea kirefu, yeye akaandika mstari mmoja. Bibi hakujua kusoma, lakini akaniambia, "Mwambie asome alichoandika."

Akasoma: "Wanawake walikimbia."

"Walikwenda kuficha mbegu ya ulezi, askari wasiichome," bibi akasema. "Bila mbegu ile, leo ungemhoji nani?"

Mtafiti akaukata mstari wake, akaandika upya. Baadaye alituletea kitabu, na ukurasa wenye maneno hayo ya bibi nimeupiga picha, nakutumia. Waoneshe, uandike tena. Najivunia kwamba hukunyamaza. Yule mtafiti aliukata mstari wake kwa wino mbele ya mwanamke asiyejua kusoma. Hao wanafuta kwa kidole tu.

Bibi yako, mkalimani