Siku Nilipohamishiwa Jikoni

Blacktown, Sydney

Mjukuu wangu Zuhura,

Pokea salamu zetu huko Perth. Sote tu wazima. Shangazi yako amepata shifti za mchana, amefurahi.

Uliniuliza kwenye simu: "Bibi, JavaScript, ile lugha ya kuandikia programu, nimeizoea kwenye kurasa za tovuti wanazoziona watu. Sasa nimepewa kazi ya seva, kule nyuma maombi yao yanakojibiwa. Nitaweza?"

Katika usichana wangu kule Tanga nilihudumu mezani, katika mkahawa wa Bi Mwanaisha. Siku moja wageni wa harusi wamejaa, mpishi akaugua, nikasukumwa jikoni. Nikasimama mbele ya sufuria ya maji ya wali nikingoja yachemke, huku watu nje wakipaza sauti.

"Maji yatachemka hata usipoyatazama," Bi Mwanaisha akaniambia. "Kaanga samaki. Yakichemka, utayarudia."

Nikafanya hivyo, na wageni wote wakala.

Seva yako nayo, kwa ulivyonieleza, ikishaagiza data haikai kungoja. Hupokea ombi la mtu mwingine, kisha humrudia wa kwanza majibu yakifika. Na lugha ni ile ile unayoijua. Mimi pia sikujifunza lugha mpya kuingia jikoni.

Jioni ile ya harusi Bi Mwanaisha alinishika mkono, akanipeleka mbele ya bibi harusi. "Mpishi wangu huyu," akasema. Nilijiona mrefu kuliko mlango.

Juzi kanisani mwenzangu Mkongo aliniuliza unafanya kazi gani. Zuhura, nilisimama kumjibu kwa fahari, kama Bi Mwanaisha siku ile.

Bibi yako akupendaye,
Rehema