Kabureta Mbili, Sikio Moja

Kerubo mjukuu wangu,

Hapa Ekerenyo tu wazima. Goti la nyanya yako limepona, ameanza tena kuchuma majani chai.

Unauliza kwa nini pikipiki yako ya matembezi inatetemeka ikisimama na injini inanguruma, ilhali umesafisha kabureta zote mbili. Baba alitupatia pikipiki kama hiyo, mimi na mdogo wangu Ombati, akasema tukiigombania ataiuza. Basi tukagawana: kabureta ya kulia yangu, ya kushoto yake. Kila mmoja alirekebisha yake mpaka akaridhika, na pikipiki ikatetemeka hadi taa ikalegea. Tukalaumiana. Baba akaanza kutafuta mnunuzi.

Mama ndiye aliyesema, "Mtu mmoja asikilize zote."

Kwa desturi ningekuwa mimi, kifungua mimba. Lakini nilikuwa nimechoka kugombana, nikampa Ombati kipande cha mpira wa maji. Akaweka ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta yake, kisha yangu.

"Yako inavuta hewa kwa nguvu kuliko yangu. Punguza."

Iliniuma, lakini nikalegeza skrubu hadi akasema sauti zimelingana. Injini ikatulia. Tukaweka kikombe cha chai juu ya tangi, na hakikumwagika.

Nawe fanya hivyo.

Juzi tuligawana shamba la marehemu Baba. Wazee walinipa mimi kamba ya kupimia. Nikamkabidhi Ombati.

Babu yako,
Nyamweya