Bibi Yangu Haingii Ndani Nikiwa Mgonjwa

Kwako mama yetu Bi Mwanamvita wa ukurasa wa nyumba, naomba unisaidie, lakini kwanza usiogope mwandiko, mimi shule niliachia darasa la nne, mwalimu akasema nimetosha na mimi nikakubaliana na yeye, hiyo ndiyo kitu pekee tuliwahi kukubaliana. Majina yetu usiweke, tupatie mengine mazuri mazuri.

Mimi ni mtu ya Kisii lakini maisha yangu iko hapa Migori, nauza panga, sururu, karai na tochi kwa wale wachimba dhahabu wa Masara, na Mungu alininyima urefu akanipatia mdomo, mtu akikuja kununua tochi ananunua na betri na bado anaenda akicheka. Bibi yangu Nyanchoka anauza omena sokoni. Tuko na msichana mmoja, Valentine.

Sasa sikiza. Ile mwaka ya El Nino barabara ilikatika, mimi nikawa nalala Masara wiki nzima, wakati mwingine zaidi, kwa sababu kazi ilikuwa huko na matope ilikuwa katikati, na Nyanchoka naye alikuwa anaenda Homa Bay kuchukua omena, na huko Homa Bay kuna jamaa moja wa samaki, sitamtaja, akakuwa anamwekea omena safi, anamnunulia chai, anamuuliza umelala aje, mpaka ile kitu ikatokea. Mimi sikujua. Mimi nilikuwa Masara nachekesha watu.

Vile nilikuja kujua ndiyo hii. Siku moja nilikuwa naonyesha mteja vile panga yangu ni kali, nikaweka fimbo kwa goti niikate mara moja kama mtu wa sinema, fimbo ikakatika na panga ikaendelea na safari mpaka ndani ya mguu. Damu ilitoka kama mfereji. Yule mteja akaangalia mguu, akaangalia panga, akasema, "Kweli hii ni kali. Punguza kidogo nichukue." Aki nilicheka hata nikiwa nazimia.

Wakanileta hospitali Migori. Ndugu yangu mkubwa Okemwa akafika akakaa kando ya kitanda. Halafu nikasikia Nyanchoka anakuja mbio, patipati zinalia kwa korido, amebeba thamosi ya uji. Akafika mlangoni akasimama, kama mtu ameona nyoka.

"Mama Valentine, ingia," nikamwambia, "sijaoza bado."

Akatingisha kichwa. Machozi inatoka lakini miguu haisongi.

"Ingia basi, uji itapoa."

"Siwezi, Baba Valentine. Siwezi."

Akapatia nesi thamosi, akabaki pale pale ameshika mlango. Mzee mmoja Mjaluo wa kitanda ya pili akaniuliza, "Omera, huyo mama ni jirani?" Nikamwambia huyo ni askari wa mlango, ameandikwa leo. Watu wakacheka. Okemwa hakucheka. Okemwa aliangalia chini, halafu akaangalia Nyanchoka, halafu akaangalia mimi. Hapo ndiyo mimi pia nikaelewa, nikageukia ukuta.

Bi Mwanamvita, wewe ni mtu wa pwani, wacha nikueleze. Kwetu Wakisii iko kitu inaitwa amasangia. Mwanamke akitoka nje ya ndoa, halafu bwana yake augue ama atoke damu, huyo mwanamke akimkaribia, bwana anaweza kufa. Mpaka wazee wafanye mambo yao ya kusafisha. Hiyo hata mtoto mdogo anajua. Kwa hivyo bibi ya Mkisii akisimama mlangoni na bwana yake amelala ndani na damu, hakuna haja ya kuuliza swali.

Nilipotoka hospitali alinieleza yote, hakuficha. Nikachukua mguu yangu na bandeji yake nikarudi Masara nikakaa huko, nikaendelea kuchekesha watu. Halafu Benard, mzee wa kanisa yetu ya Sabato, akanifuata huko huko, akatupeleka kwa mwalimu Monicah, mama mmoja amesomea hii maneno ya kurudisha watu wa ndoa wakiumizana. Nilifikiria atakuwa hakimu. Kumbe haulizi nani alikosa. Anaweka viti mbili zinaangaliana, magoti karibu kugongana, anakuuliza, "Ulipoona hivyo, ndani yako ulisikia nini?" Ukisema hasira anakuambia hasira ni kifuniko, hebu funua, chini yake kuna nini?

"Chini yake kuna njaa, mwalimu," nikamwambia, "tangu asubuhi sijakula."

Mwalimu alicheka kidogo. Nyanchoka hakucheka. Akaniangalia akasema, "Unaona sasa? Miaka yote unanichekesha kama mteja. Ulikuwa ukitoka Masara nataka kukuambia naogopa kulala peke yangu na mtoto na hiyo mvua, unanipatia stori ya mtu ameuziwa karai iko na shimo. Yule wa Homa Bay alinisikiza tu. Nilikosa, najua nilikosa. Lakini ni wewe nilikuwa natafuta."

Hiyo ilinikata kuliko panga. Tukaendelea kwenda kwa mwalimu, na sitakudanganya, mambo imekuwa mazuri. Masara naenda asubuhi jioni niko nyumbani. Omena tunaenda kuchukua pamoja Karungu, yeye anaangalia samaki mimi nabishana na bei. Kanisani tunakaa benchi moja. Kuna siku alinipiga mkono na mwiko akicheka, vile alikuwa anafanya tukiwa wapya, nikaenda kazi nikipiga mluzi mpaka watu wakafikiri nimeokota dhahabu.

Lakini hapa ndiyo nimekwama. Juzi malaria ilinishika vibaya. Nyanchoka akapika uji, akafika kwa mlango ya chumba, akasimama. Akaweka kikombe juu ya kigoda, akasukuma kigoda na fimbo ya ufagio pole pole mpaka karibu na kitanda, kama mtu analisha mbwa mkali. Mimi nikabweka. Valentine alicheka mpaka akaanguka. Nyanchoka akaenda jikoni akalia.

Okemwa anasema dawa ni moja, Desemba tukienda nyumbani nimpeleke mbele ya wazee na mbuzi, ukoo yote ikae, ataje huyo mtu kwa jina, isafishwe iishe. "Kwani unangojea nini?" ananiambia. "Unangojea ugonjwa mkubwa ndiyo ujue bibi yako hawezi kukupatia maji?" Benard naye wa kanisa hataki kusikia hata harufu ya hiyo mbuzi. Nyanchoka amesikia hiyo Desemba, na jana nimeona ametoa nguo zake kwa kabati ameweka kwa sanduku. Mwalimu Monicah ndiyo huyo amehamishwa Kisumu. Nikimpeleka mbele ya ukoo naogopa hatarudi na mimi Migori. Nisipompeleka atakuwa mtu wa mlangoni mpaka nizeeke. Nifanye nini, mama? Jibu haraka kabla mbuzi haijanunuliwa.

Ni mimi Mayaka wa panga, Migori.

BI MWANAMVITA ANAJIBU

Mwanangu Mayaka, majina nimewapa mengine kama ulivyotaka, na kazi yako pia nimeipindua kidogo, kwa hiyo ndugu zako wasianze kukagua miguu ya watu.

Nimeisoma barua yako hapa Homa Bay nilikoolewa, nikacheka mpaka mume wangu akatoka dukani kuuliza kuna nini. Kisha nikaisoma mara ya pili, na mara hiyo sikucheka. Wewe ni hodari wa kuchekesha, na hapo ndipo penye ugonjwa wako. Umenieleza hali ya panga, hali ya mteja, hali ya uji, hata ya mzee wa kitanda cha pili. Nikatafuta wewe mwenyewe uliumia vipi, sikupata. Nimepata maneno mawili tu: uligeukia ukuta. Mtu mwenye mdomo kama wako hageukii ukuta bure. Ulifikiri amekuchoka? Ulifikiri anangoja ufe? Mimi sijui, na naona hata mkeo hajui, maana siku ya kuulizwa ulisema una njaa.

Hebu nikuulize jambo moja. Mke mwongo angefanya nini siku ile? Angeingia! Angekukumbatia mbele ya shemeji yake, akakulisha uji kijiko kwa kijiko, akarudi nyumbani na siri yake, na mpaka leo ungekuwa unamsifu. Nyanchoka aliamini kwamba akiingia utakufa. Alijua pia kwamba akisimama pale nje, Okemwa atajua kila kitu. Akasimama. Wewe uliona askari wa mlango. Mimi naona mke aliyekubali kuaibika ili wewe upone.

Na kile kigoda ni hicho hicho. Hofu ilimzuia mlangoni, naye hakutaka ulale na njaa, akatafuta njia ya kukufikia akaipata kwenye ufagio. Wewe ukabweka. Aibu, baba. Aibu kubwa.

Sasa habari ya Desemba. Mimi nimezaliwa pwani, nimeolewa huku ziwani, amasangia siijui wala sitaicheka, kwa sababu kwa mkeo si mchezo. Lakini angalia ulivyofanya. Umemsikiliza Okemwa, umemfuata mzee Benard, umekaa kwa mwalimu Monicah, sasa umeniandikia mimi. Nyanchoka umemuuliza? Yeye ndiye mwenye hofu, yeye ndiye atakayesimamishwa mbele ya ukoo, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza anataka nini. Ndiyo maana amejibu kwa sanduku.

Fanya hivi, na ufanye ukiwa mzima, usingoje homa. Valentine aende kwa jirani. Beba viti viwili, uviweke pale pale mlangoni mwa chumba, mwangaliane kama mwalimu alivyowafundisha. Mwambie: "Siku ile hospitali, ulipokataa kuingia, mimi nili..." na hapo umalizie mwenyewe, bila mteja, bila karai, bila mbwa. Mzaha ukipanda, uumeze. Kisha muulize yeye alikuwa anasikia nini amesimama pale, unyamaze mpaka amalize. Akilia usimpe hadithi. Mpe mkono.

Baada ya hapo ndipo umuulize habari ya Desemba. Akisema anataka kusafishwa ili moyo wake utulie, nenda naye, lakini iwe kwa njia yake, kwa mtu mzima anayemwamini yeye, watu wachache, na Okemwa angoje nje na mbuzi wake. Kama imani yake na kanisa vinagombana, hilo pia alipime yeye, wewe ukiwa kando yake. Akisema hataki, hamwendi, na wa kumjibu Okemwa ni wewe. Mwambie, "Kaka, nakuheshimu, lakini hii nyumba ni yangu na Nyanchoka." Huyo ni kaka yako, umjibu wewe, usimwachie mkeo.

Mlikuwa mmefika mbali, mwanangu. Benchi moja kanisani, samaki Karungu, mwiko mkononi, hayo wengi wanaoniandikia wanayatamani. Usiyatupe kwa sababu mwalimu amehamishwa. Kisumu kuna gari kila asubuhi, mfuateni. Na malaria inatibiwa hospitali, nenda ukapimwe, usijifanye shujaa.

Huenda ukiugua tena atasimama pale pale. Usimwite aingie, wala usimpe cheo. Mwambie, "Nakuona, Mama Valentine. Kaa hapo hapo tuongee." Siku atakayovuka ataichagua mwenyewe. Na ukiona nguo zimeanza kurudi kabatini, usiseme neno. Hasa la kuchekesha.