Mama Zenaida, Klarineti Yetu ya Milimani

Mwaka umekatika, Mama Zenaida, tangu tukusindikize makaburini, bendi ya kijiji ikipiga kwa nguvu kama ulivyotuusia: "Muziki wa polepole msinipigie. Nitasinzia njiani."

Hakuna aliyekuzidi kutia pilipili kwenye machukado, ule ugali wetu wa mahindi. Aliyekohoa ulimcheka: "Pumzi huna! Klarineti utaipuliza na nini?"

Klarineti ulifundishwa na baba yako, mzee Eutimio, enzi ambazo bendi ilikuwa ya wanaume tu. Nafasi ya kupiga ukaifuata mji mkuu, Jiji la Meksiko, hadi ukawa mpigaji mkuu wa klarineti katika okestra kubwa, mtu pekee wa kabila letu la Waayuuk mle ndani.

Ndipo mkutano wa kijiji ukakutaja: zamu yako ya utumishi imefika, mwaka mzima, bila mshahara, uifundishe bendi. Kiongozi wa okestra alishika kichwa.

"Zenaida, umerogwa? Kiti hiki hakimngoji mtu!"

"Basi kikae chenyewe, maestro. Mimi nimeitwa nyumbani."

Ulituambia ulilia njia nzima ndani ya basi. Lakini ulipofika, jambo la kwanza uliwaingiza wasichana kwenye bendi. Cástulo, mpiga tuba, akafoka: "Haya, na tortila atapika nani?"

"Wewe hapo, kaka. Nyimbo nyingi unapiga noti mbili tu, mikono unayo."

Kijiji kikaangua kicheko, naye akacheka. Siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu wasichana walipiga, Cástulo akiwashikia karatasi zao upepo usizichukue. Baba yako alisimama pembeni, kofia kifuani.

Zamu ilipoisha ulirudi mjini kushindania kiti chako upya, ukipiga nyuma ya pazia ili waamuzi wasikujue. Hukumaliza hata ukurasa. "Huyo Zenaida!" maestro akapaza sauti. "Nani mwingine hupuliza kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde?" Ukakikalia kiti kile hadi kustaafu.

Leo bendi inaongozwa na Floriberta, mmoja wa wasichana wale. Jumapili tutapanda mlima wetu na jogoo wa tambiko na tepache, pombe yetu ya kienyeji, tukamshukuru aliyetupa wewe.

Tunaokukumbuka ni mumeo Gildardo, wanao Honorina na Teódulo, dada yako Otilia, wajukuu wote, na Cástulo, ambaye tortila zake bado zinaungua.

Hatujakusahau, mama, na kamwe hatutakusahau.