Mgongo wa Bi Mwanaidi

Jumatano, baada ya Isha

Bado najilaumu. Asubuhi wodini nilimpima Bi Mwanaidi mapafu kwa ultrasaundi, lakini mbele tu. Mwanawe wa kiume alikuwa kasimama pale, nikaona haya kumfunua mama yake mgongo. Nikaandika kwamba mapafu ni safi.

Adhuhuri hali ikawa mbaya. Nikarudi na mashine, na binti yake akashika kanga ikawa pazia.

"Mwanangu, hiyo si ya wenye mimba?" akauliza Bi Mwanaidi, huku akitweta. "Haya, nifunue. Lakini usije ukanambia nna pacha."

Maji yalikuwa yamejaa nyuma, chini ya pafu la kulia. Tulipoyatoa, rangi ikarudi midomoni mwake.

Yeye hakuona haya hata kidogo. Haya ilikuwa yangu, nayo ilikaribia kumuua.