Sahani Iliyosema Nakubali

Mama Augustine, wewe unayejibu shida za watu kwa gazeti na unayesomwa mpaka huku Ulaya, kwenye kipande cha gazeti kilichofungia samaki wa kukausha aliyenifikia kutoka nyumbani, napiga magoti mbele yako, nisaidie, maana nimeambiwa niko na muke na mimi sijui kama niko na muke.

Mimi ni mutu wa maporomoko, mutoto wa wavuvi wa Kisangani, na huu ni mwaka wa tatu niko Anvers, Ubelgiji, tunafua mashuka ya mabaharia, na mwaka jana papa yangu akafa, Mungu amulaze pema, akaacha pahali pake kwenye maporomoko, pale tunaposimamisha miti na kufunga vikapu vikubwa vya kutegea samaki. Tonton Octave, mudogo wa papa, akaniandikia, pahali pale nani atapashika? Nikajibu kwa barua, kurasa tatu, maandishi mazuri, kwamba panilindiwe mpaka nirudi, wazee wakakaa, barua ikasomwa, wakasema hapana, barua haina koo, karani yeyote anaweza kuiandika, neno la ukoo linatoka mudomoni na linasikiwa na watu. Alors tonton akaniandikia tena: tuma sauti.

Huku kwa gare ya train kuna kibanda, unaingia, unatia pesa, unasema mbele ya kitu chenye matundu kama kichujio cha chai, na chini inatoka disque, sahani ndogo ya phono, yaani ya gramafoni, na sauti yako iko ndani. Nikaingia nimevaa koti yangu ya dimanche, ile ya misa. Lakini Mama Augustine, unatujua, mutu haanzi neno mbele ya wazee bila kusalimu, donc nikasema, Mama, ni mimi Anselme, umeamuka? Nikanyamaza kidogo ili apate kujibu. Tonton Octave, umeamuka? Nikanyamaza tena. Nikawasalimu matantine, dada za papa, mumoja mumoja, nikamusalimu jirani Papa Lambert mushonaji, kwa sababu phono ni yake na haifai kuingia ndani ya phono ya mutu bila kumusalimu, nikauliza hali ya mbwa, nikatoa pole ya matanga, na pale pale taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzimika, kumbe sahani inabeba dakika moja na nusu tu! Na neno la pahali pa papa nilikuwa sijaligusa. Jasho likanitoka, nikapiga kelele: Bon, yote munayopanga huko mimi nakubali, nakubali kabisa! Ikakatika.

Mama, ile nakubali imenimaliza. Kikao cha kwanza waliuliza, pahali pa marehemu papewe Octave? Wakapiga sahani, nikajibu nakubali kabisa. Mwezi uliofuata, mutumbwi wa Anselme uuzwe? Nakubali kabisa. Nasikia wanaibeba ile phono kwa kila kikao na wanaipa kiti. Na sasa nimepata barua kwamba nimeoa, musichana wa Yanonge, jina lake Félicité, sijamuona hata kwa picha, wazee wake walikuja wakauliza, kijana mwenyewe anasema nini, wakapigiwa sahani, na inaonekana mama yake alilia kwa furaha kwa vile nilivyosalimu kila mutu vizuri.

Ningekuja kusema mwenyewe, lakini safari ni ndefu, na congé yangu, siku zangu za kupumzika za mwaka huu, niliimalizia kwa Expo ya Bruxelles, yale maonyesho makubwa. Donc uniambie, nimeoa ao sijaoa? Nitume sahani ya pili yenye kusema nakataa? Ao nimuombe Papa Lambert aivunje phono yake, nitamununulia nyingine? Nimekonda, mashuka yenyewe yananishinda kuinua. Tafadhali jina langu usilitie kwa gazeti, haya itaniua.

Mutu Mumoja wa Anvers

*

Mutu Mumoja wa Anvers, jina umelificha chini ya barua na umelitia mwenyewe katikati. Nimeliacha, maana huku hakuna asiyejua. Mpaka watoto wakigawana miwa wanaambiana nakubali kabisa.

La kwanza, upate usingizi: hujaoa. Tonton wako alijaribu, usifikiri hakujaribu, aliibeba phono mpaka kwa padri. Padri akasikiliza sahani yote, akaitikia salamu kwa adabu, kisha akasema ndoa inataka mutu mwenye kupumua. Akawarudisha nyumbani wote, na kiti chao.

Lakini Félicité yuko kwa mama yako tangu mwezi wa saba. Anatwanga pondu ya majani ya muhogo, anachota maji, anapakaa mafuta ile phono isilie. Nilimuuliza, binti yangu, unamuonaje huyu muume? Akanijibu, "Mama Augustine, ana adabu sana, bado hajanikatalia kitu." Wanawake wangapi wa Kisangani wanaweza kusema hivyo? Sahani yako inakushinda.

Sasa nikugombeze. Unalia kwamba umesemewa, umesemewa na nani? Koo ni lako. Tonton Octave ni mujanja, nilimwambia machoni, akacheka, akasema, "Si amekubali?" Na hapo ana haki, kwa sababu ile nakubali wewe ndiye uliyemupa. Miaka mitatu, ndugu yangu! Ukapata congé, ukapanda train ukaenda Bruxelles, ukalipa kiingilio ili uone nyumba za Kongo zimejengwa ndani ya ua wa Expo. Nyumba ya kwenu ungeiona bila tiketi ya kuingilia, na mama yako angekuwa ndani. Halafu unataka kuvunja phono ya mushonaji wa watu! Phono imekosa nini?

Na sasa lile ambalo hukuniuliza. Dimanche, baada ya misa, nilikwenda mwenyewe kwa mama yako, Mama Alphonsine. Akanipa kiti, akanipa liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, kisha akamuomba Félicité alete phono, ili nisikie mutoto wake anavyosema vizuri. Sikiliza basi. Sahani za kibanda ni laini, sindano inazila. Wazee siku hizi wanatia sindano mwisho tu, pale kwenye nakubali yao, mara moja kwa mwezi. Mama yako anaitia mwanzo, kila asubuhi kabla ya kupeleka samaki sokoni. Anasikia unamuita Mama, anakujibu pale uliponyamaza, halafu anainua sindano kabla hujafika kwa Octave. Kila asubuhi, tangu sahani ilipofika.

Mwanzo umekwisha. Nilitega sikio, nikainama mpaka karibu, hakuna kitu, ni kukwaruza tu kama mafuta kwenye kikaango. Ile nakubali yako iko safi, ungesema imetoka kwa kibanda jana. Lakini "Mama, ni mimi Anselme" haiko tena. Nilitaka kumwambia. Nikamuona anatikisa kichwa, anangoja, na mahali pale pale, bila kukosea, akajibu kwa sauti: "Nimeamuka muzima, mwanangu. Na wewe?"

Basi usitume sahani ya pili. Omba ruhusa, na wakikunyima, waachie mashuka yao. Panda bateau ya bahari mpaka Matadi, train mpaka Léopoldville, bateau ya muto mpaka hapa, na usishuke Yanonge kwanza kuwaomba radhi wazee wa Félicité, hiyo itafuata. Pahali pa papa yako utapadai mbele ya wazee, kwa koo lako, na Octave atapaacha, maana wazee wenyewe walisema neno linatoka mudomoni, na yeye ndiye aliyekuambia utume sauti. Félicité utamuuliza yeye, siyo wazee wake, anataka nini, na akisema anarudi kwao, utamusindikiza kwa heshima. Lakini yote hayo ni ya kesho yake. Siku ya kufika usianze na tonton, usianze na mutu yeyote. Simama mulangoni, sema lile neno la kwanza, kisha nyamaza, na safari hii mungoje mama yako amalize kujibu.

Mama Augustine