Ile Gita Inayolia Juu

Ruring'u, 8 Julai 2024

Watiri mtoto wangu,

Kifua imepona? Unakunywa maji moto? Sisi hapa tuko, ni baridi tu, hata ng'ombe imepunguza maziwa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu unanikatia mbio.

Zile nyimbo nane ulizonitumia za albamu yenu ya pili nimezisikiza zote nikimenya viazi. Ni nzuri. Lakini ile gita inayolia juu imeenda wapi? Ile ya albamu ya kwanza, inakimbia kama maji kwa mawe, mpaka Beth wa kwaya akasema inamkumbusha harusi yake. Sasa nasikia moja tu, ile ya kutembea chini. Na Mukami mwenzako wa bendi simsikii akiimba. Ni mgonjwa? Mmekosana? Mimi nauliza tu.

Mama yako

Nairobi, 19 Julai

Mama,

Kifua kimepona, usijali. Natumaini wewe na ng'ombe mnavumilia baridi.

Mukami anapumzika kwao Kianyaga. Siku hizi watu wanapenda muziki mtulivu, ndiyo maana tumepunguza gita. Albamu inatoka mwezi wa tisa. Usijisumbue na mambo ya studio.

Mtoto wako, Watiri

Ruring'u, 23 Julai

Watiri wangu,

Nashukuru kifua. Vaa sweta hata hivyo.

Mambo ya kifua umenijibu vizuri, ya Mukami umenijibu vibaya. Tangu sekondari mmekula kwa meza yangu, mpaka Theuri wa duka huuliza kama ni mapacha. Ati anapumzika! Usikasirike, Alhamisi naenda Kianyaga. Nitasema natafuta mbegu ya maharagwe.

Mama yako

Ruring'u, 27 Julai

Watiri,

Uko mzima? Mimi mwili ni mzima, ni roho tu.

Maharagwe hata sikuyataja. Mamake Mukami aliniangalia akasema, "Mama Watiri, umechelewa, lakini kaa." Mukami akaleta chai. Nikamwuliza, "Kwani mlikosania nini?" Akachukua gita, akacheza. Mtoto wangu, ilikuwa ni ile. Ilitoka kwa vidole vyake.

Unakumbuka kanisani, siku ya shukrani ya albamu ya kwanza? Mimi nilisimama nikasema, "Sikizeni hiyo gita inalia juu, huo ni mkono wa mtoto wangu!" Watu wakapiga makofi, mchungaji akakuombea hiyo mikono, na Mukami amekaa kando yako. Mimi sikujua. Gita zote naona ni mbao na nyuzi. Lakini wewe ulijua.

Mukami aliniambia, "Mama, wewe sikukukasirikia. Nilingoja Watiri acheke, aseme ni mimi. Nilingoja mpaka chakula kikaisha."

Kesho ni Jumapili. Nitasimama tena niseme nilikosea. Yako sijui kama utaisema. Nataka kujua tu: ulinyamaza kwa nini?

Mama yako anayekupenda

Ruring'u, 14 Agosti

Watiri,

Unakula? Barua haiji, simu hushiki. Kanisani nilisema. Hakuna aliyenicheka. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama

Kianyaga, 2 Septemba

Mama yangu,

Uko salama? Mimi niko salama, ni malengelenge tu kwenye vidole.

Uliuliza kwa nini nilinyamaza. Ulikuwa unanitazama kwa furaha ambayo sijawahi kuiona, nikataka iwe yangu dakika moja tu. Dakika ikapita, na kila siku ikawa ngumu zaidi kusema.

Naandika kutoka jikoni kwa mamake Mukami. Nimemwambia Mukami ukweli mbele ya mamake. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kama ni mkono wako, cheza." Sikuweza. Sasa ni siku ya tatu ananifundisha, na ananitukana vizuri sana: "Watiri, hiyo ni gita, si jembe!"

Studio nimewaambia wangoje. Kama atarudi sijui, sijathubutu kumwuliza. Lakini leo asubuhi nilipocheza nusu ya wimbo bila kukosea, aliingia na sauti yake ya pili, akaimba mistari mitatu mizima kabla hajakumbuka kwamba amenikasirikia.

Mtoto wako, Watiri